Maji ya Mgeni katika Chumba cha Giza

Sakina na Ramazani, siku ile mliponibebea kiti changu kutoka chumba cha giza hadi nyumbani, mliniuliza swali ambalo sikulijibu. Nilikuwa nahema, na kiti kilikuwa kimetangulia bila mimi. Mliuliza kwa nini miaka yote hii nimewalazimisha kulowesha kioo katika maji ya shabu kabla ya kukitia dawa, wakati karatasi zinazokuja ndani ya masanduku ya dawa hazisemi hivyo. Nilisema tu, "Fanyeni." Sasa nimekaa, kifua kimetulia kidogo, wino ninao. Nitawajibu, ila mtanivumilia nianze mbali.

Mambo ya cheo na ujira nayaacha. Cheo changu kilikuwa kimoja tangu mwanzo, "yule mama wa maji", na ujira ulikuja ulipojisikia kuja.

Nililetwa Kindu nikiwa msichana, kutoka upande wa Kailo, na sikuulizwa kama nataka. Wengi wa rika langu hapa mjini wana habari kama hiyo, na si habari tunazosimuliana wakati wa chakula. Nilikulia katika nyumba ya mfanyabiashara wa pembe. Huko nilijifunza kuswali, kusoma na kuandika, na kupika wali usioshikana. Yule tajiri alipohamia Kasongo aliniacha huru, au tuseme alinisahau, na kusahauliwa na mtu kama yule ni bahati. Nikawa nauza maji. Nilichota mtoni, nikabeba kichwani, nikapita nyumba kwa nyumba.

Ndipo akaja Fundi Hamisi. Alikuwa mtu wa Unguja, mwembamba, mwenye sauti ya chini, aliyejifunza kupiga picha kwa Mgoa mmoja huko kisiwani. Wapagazi walimletea sanduku la picha na miguu yake mitatu, na masanduku ya vioo yaliyofungwa kwa majani makavu ambayo kila mpagazi aliyabeba huku analaani. Alipanga ghala la udongo lililokuwa la kuhifadhia pembe, lisilo na dirisha ila tundu moja juu ukutani. Watu walimcheka kwa kupanga nyumba isiyo na mwanga. Yeye aliingia ndani, akafunga mlango, akatoka akiwa amefurahi sana.

Siku yangu ya kwanza aliniagiza nimletee maji alfajiri, kabla jua halijapasha kitu. Nikamwuliza ni ya kunywa au ya kuoga. Akasema ni ya kuwaogesha watu wa kwenye kioo. Nikaona nimepata mwajiri mwenye homa, nikaomba nilipwe kabla.

Kwa muda nilikuwa naweka mitungi mlangoni na kwenda zangu. Kuingia ndani kulitokana na bibi mmoja wa mjini, mke wa Mwarabu, mwanamke mwenye sauti na mamlaka. Alikubali kupigwa picha uani kwake, akiwa amevaa dhahabu yake yote, na mumewe amesimama pale. Kisha akauliza nini kinafuata. Fundi akamweleza kwamba sura yake sasa iko ndani ya kioo, na yeye ataingia nayo gizani kuitoa. Yule bibi akasema sura yake haitakaa gizani na mwanamume, hata akiwa fundi. Mumewe alitazama juu kana kwamba anaangalia mvua. Fundi akasimama na kioo chake mkononi, kimefungwa katika kitambaa cheusi. Akaniona mimi nimeshika mtungi, akasema, "Basi ataingia Mwavita."

Ndivyo nilivyoanza kazi ambayo ninyi mmeirithi. Baada ya yule bibi, wake wa waungwana wote walitaka hivyo hivyo.

Mnajua chumba kilivyo, lakini hamkukiona nilivyokiona mimi mara ya kwanza. Lile tundu la ukutani Fundi alilifunika kwa kitambaa cha bendera, kile chekundu cha biashara, mikunjo miwili. Jua likipiga nje, ndani panakuwa pekundu kama ndani ya kope ukifumba macho mchana. Alinieleza kwamba kioo hakioni wekundu. Nikamwuliza kinajuaje. Akasema hajui. Nilimpenda kwa jibu hilo, kwa kuwa tajiri niliyekulia kwake alikuwa anajua kila kitu, na mengi yalikuwa si kweli.

Juu ya meza palikuwa na masinia matatu, kila moja likitosha kioo chenye ukubwa wa ubao wa chuoni. La kwanza lilikuwa la dawa ya kuita, ile ya kahawia inayoifanya sura ijitokeze. La pili lilikuwa la maji ya kusuuza. La tatu lilikuwa la dawa ya kutuliza, ili sura isiendelee kuja hadi kioo kizima kiwe cheusi. Mawili yalikuwa ya kauri. La tatu lilivunjika njiani, na Fundi akaenda kwa mchonga mitumbwi akamchongea sinia la mti, wakalipaka nta ya nyuki ndani. Siku za joto nta ililainika, na mara moja tulikuta nyuki wawili wamekuja kudai mali yao.

Akaweka kioo katika sinia la kwanza, upande laini juu, akaanza kuinua pembe moja ya sinia na kuishusha, pole pole, dawa ikapita juu ya kioo na kurudi. Kwa kitambo hapakuwa na kitu. Kioo kilikuwa cheupe kama maziwa. Halafu ikaja dhahabu ya yule bibi, nyeusi. Ikaja nguo yake nyeupe, nayo nyeusi. Mwanamke mzima akawa anatoka ndani ya maji mbele yangu, kinyume, bila kuitwa jina. Nilisahau kupumua. Fundi akaniambia nipumue lakini nisipumulie sinia.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni hili, nanyi msiliache. Nguo nyeupe inakuja kwanza, uso wa mtu mweusi unakuja mwisho. Karatasi za dawa ziliandikwa na watu wenye nyuso zinazokuja mapema, na ukizifuata utatoa kanzu nzuri sana isiyo na mtu ndani. Ngoja. Kanzu ikishakuja, ngoja tena.

Jambo la pili lilikuwa mwendo wa mkono. Ukitikisa sinia kwa haraka unapata mistari, ukilisahau unapata madoa. Fundi alikuwa anafuata pumzi zake, na alipokuwa na wasiwasi pumzi zilikwenda mbio na picha zikaharibika. Mimi nilijaribu wimbo wa kutwanga wa kwetu Kailo, ule unaoimbwa wanawake wawili wakiwa kwenye kinu kimoja. Mwendo wake ulikuwa ule ule wa sinia. Tangu hapo nilitoa picha za matajiri, mashehe na baadaye maofisa kwa wimbo wa kutwanga mpunga, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Dawa ya kuita inatia rangi vidole, mnaona wenyewe. Vyangu vilikuwa vya kahawia hadi kwenye kifundo mwaka mzima. Kila nilipokwenda sokoni niliulizwa ni arusi ya nani, na kwa nini hina yangu haijui kuchora maua. Mwanzoni nilieleza. Baadaye nilisema tu kwamba arusi inaendelea.

Adui wetu mkubwa alikuwa joto la maji. Ule utando laini ulio juu ya kioo, unaobeba sura, unatengenezwa kwa kitu kama mchuzi wa mifupa ulioganda. Katika maji ya baridi unatulia. Katika maji ya vuguvugu unalainika, unajikunja pembeni, na ukiendelea unavuka ukingo wa kioo na kujikusanya chini ya sinia na uso wa mtu ndani yake. Maji ya mto huu wetu ni vuguvugu hata asubuhi, tena yana matope. Kwa hiyo niliyachota jioni, nikayamimina katika mitungi ya udongo isiyopakwa kitu, nikaiweka penye upepo, na alfajiri tulikuta maji baridi na matope yamekaa chini. Kazi yote ilifanyika saa hiyo, kabla watu hawajakoroga uji.

Sasa nimefika kwa Asumani.

Karibu na ghala letu alikaa mwanamke tuliyemwita Mama Asumani. Naye aliletwa mjini kama mimi, kutoka upande wa Pangi, na alikuwa anapika mihogo na samaki wa kuuza. Mtoto wake alikuwa huyo mmoja tu, kijana mrefu, mwenye kidevu kilichoanza kuota ndevu na aliyekuwa anazishika shika kila wakati kuhakikisha bado zipo. Alijifunza kupika kwa mama yake, na akapata kazi ya mpishi katika msafara wa pembe uliokuwa unakwenda pwani. Mama hakutaka aende. Aliposhindwa kumzuia, alimleta kwa Fundi Hamisi apigwe picha.

Fundi alimwambia Asumani avue kofia, maana kofia nyeupe na kanzu nyeupe kwa pamoja zingemeza uso. Mama yake alikasirika. Mtoto wake si mwizi, kwa nini akae kichwa wazi. Asumani akavua, akacheka, akashika ndevu zake, na Fundi akamwomba ashushe mkono na anyamaze kama mtu aliyekufa. Neno hilo Fundi alilijutia muda mrefu.

Wakati huo dawa ya kuita ilikuwa imetuishia. Vioo vya zamani, vile vya kupakwa palepale na kutumiwa vingali vibichi, visingengoja, lakini hivi vikavu vilikuwa vinangoja. Tulivifunga katika kitambaa cheusi, tukaviweka ndani ya sanduku la bati kuzuia mchwa, tukasubiri msafara ulete dawa. Asumani akaondoka. Sura yake ikabaki ndani ya sanduku, juu ya rafu, haijaonwa na mtu.

Msafara wa dawa ulichelewa sana. Habari ilitangulia. Wapagazi waliorudi walisema ndui iliingia katika kambi yao kabla ya kufika Tabora, na mpishi alikuwa miongoni mwa waliozikwa pale. Walileta salamu, hawakuleta kitu chake hata kimoja, kwa sababu vitu vya wagonjwa vilichomwa.

Matanga yalipokwisha, Mama Asumani alikuja kwenye mlango wa ghala. Hakuketi. Aliuliza, "Asumani bado iko mule ndani?"

Fundi alimwambia yupo.

"Basi mutamutoa lini?"

Fundi alimweleza habari ya dawa. Kisha akamwambia ukweli, na mimi niliona ni afadhali alivyofanya: kwamba kioo kimekaa muda mrefu katika joto na unyevu, kwamba kinaweza kuwa kimeharibika, kwamba hata dawa ikifika kinaweza kutoka kitupu.

"Kitupu iko nacho nyumbani," alisema. "Nitangoja hiki."

Akawa anapita kila asubuhi akienda sokoni, anauliza dawa imefika, tunasema bado. Mimi nilianza kuogopa siku itakayofika. Niliwahi kuharibu vioo kama kila mtu, na aliyeharibikiwa alikaa tena kitini tukaanza upya. Huyu hakuwa wa kukaa tena.

Dawa ilifika wakati wa kiangazi, chupa moja ikiwa imepasuka. Iliyobaki ilitosha kuchanganywa mara mbili, hakuna ya tatu. Na Fundi alikuwa amelala na homa, anatetemeka chini ya mablanketi. Tukakubaliana nifanye peke yangu alfajiri, yeye alale kwenye mkeka nje ya mlango ili anisikie. Nilimwambia Mama Asumani. Jioni ile nilichota maji kama kawaida, nikajaza mitungi yote, nikaenda kulala.

Alfajiri niliyakuta maji yametulia kuliko nilivyowahi kuyaona. Ungeweza kuhesabu punje za mchanga chini ya mtungi. Nikafikiri upepo umetulia, na nikachukua hiyo kuwa dalili njema. Nikafunga mlango. Nikajaza sinia la kusuuzia, nikachanganya dawa kwa maji yale yale, nikangoja jua ligonge kitambaa chekundu. Nikafungua sanduku, nikatoa kioo cha Asumani, nikakilaza ndani ya dawa, nikaanza kuimba.

Wimbo uliisha. Kioo kilikuwa cheupe.

Nikaimba tena. Kwa kawaida hapo kanzu ingekuwa imeshafika. Nikainama, nikaona dawa yenyewe imekuwa nzito, ina mawingu kama uji mwepesi, na vijipande laini vinaelea juu ya kioo. Nikamwita Fundi kupitia mlangoni, nikamwambia Asumani haji.

Aliuliza dawa inanukaje. Nikasema vizuri. Aliuliza inaonekanaje. Nikasema kama uji. Akauliza maji nimetoa wapi. Nikasema katika mitungi, ile ile ya siku zote.

Hapo nikasikia sauti ya Mama Asumani. Sikujua kama naye yupo nje. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayesaidia, "Maji ni safi, Fundi. Nimeyatia shabu miye mwenyewe, jana magaribi."

Ninyi mnajua shabu ni kitu gani nyumbani. Hakuna nyumba ya Kindu isiyo na jiwe lake, na akija mgeni wa heshima unalizungusha ndani ya mtungi, matope yanashuka, mgeni anapewa maji yanayong'aa. Sisi wenyewe tunakunywa hivi hivi. Lakini dawa ya kuita na shabu havikai chombo kimoja. Vinagombana, na kinachobaki ni ule uji, usio na nguvu ya kumwita mtu.

Fundi alimwuliza kwa nini aliyatia.

"Mugeni anakuja," alisema. "Ningemupa maji ya matope?"

Nilimsikia Fundi anagonga meno kwa homa. Hakumkemea. Mimi nilisimama katika ule wekundu, mikono imelowa, nikalia kidogo, kwa sababu sikuwa na la kufanya ambalo lingefanyika kwa kulia wala bila kulia. Kisha Fundi akasema, taratibu, "Mwavita, kitoe. Kisuuze. Bado tuna dawa mara moja."

Maji ya kusuuzia yalikuwa yale yale ya shabu, mitungi yote ilikuwa hivyo, hakuacha hata mmoja. Nikakilaza kioo humo katika sinia la pili, kwa kuwa hakikuwa na pengine pa kukaa. Nikafunika sinia kwa ubao, juu ya ubao mablanketi mawili. Nikafungua mlango kidogo nikatoka, nikachukua ndoo. Mama Asumani alikuwa amesimama. Alichukua ndoo nyingine bila kuuliza.

Tulishuka mtoni pamoja. Tulipokuwa tunajaza, akauliza.

"Nimemuua mara ya pili?"

Nilitaka kumwambia hapana. Nikasema, "Sijui, mama." Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la heshima, tukapanda.

Jua lilikuwa limeshapanda. Maji niliyachuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara nyingi, yakatoka na rangi ya chai, nayo vuguvugu kama nilivyojua. Sasa nilikuwa na hofu mbili. Ya kwanza, kwamba sura haitakuja. Ya pili, kwamba itakuja na utando utavuka nao ukingo wa kioo. Niliingia, nikafunga, nikasuuza kioo kwa maji ya mto, nikachanganya dawa ya mwisho. Haikuwa na mawingu. Nikakilaza kioo tena. Sikuweza kuimba. Nikainua pembe ya sinia na kuishusha kimya kimya.

Nje, Mama Asumani akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wangu wa kutwanga. Alikuwa ameusikia kupitia ukuta ule asubuhi ngapi sijui, na maneno alikuwa ameyakosea karibu yote, lakini mwendo ulikuwa sahihi. Mkono wangu ukaufuata.

Kanzu ikaja. Ilikuja polepole kuliko kanzu zote nilizowahi kutoa, kama moshi, kisha ikakaza. Ikaja mikono juu ya magoti. Ukaja mwanya mdogo wa meno, maana hakuweza kunyamaza kabisa kama alivyoagizwa. Nikangoja. Uso ukaanza kujitenga na giza, shavu moja, kisha paji. Na muda wote macho yangu yalikuwa kwenye kingo za kioo, nikingoja utando ujikunje. Haukujikunja. Katika maji yale ya vuguvugu, ambayo yangelainisha kioo chochote nilichokijua, ulilala umekaza kama ngozi ya ngoma.

Nilikipeleka katika dawa ya kutuliza, nikaketi sakafuni, nikawaambia walioko nje kwamba amekuja.

Jibu la swali lenu ni hilo. Homa ya Fundi ilipoisha, hatukuweza kuliacha jambo lile. Tulichukua vioo vilivyoharibika, tukakata vipande, kimoja tukakilowesha katika shabu na kimoja tukakiacha, vyote tukavitia katika maji ya mto ya adhuhuri. Kisicholoweshwa kilivua utando wake wote. Cha shabu hakikubanduka hata kwa ukucha. Tulijaribu shabu nyingi, shabu kidogo, kulowesha kabla, kulowesha baada, tukawa kama wapishi wawili waliogundua chumvi. Fundi alijua watu hutumia shabu mwishoni, kukaza picha iliyokwisha. Kuitumia mwanzoni, kisha kusuuza sana ili isikutane na dawa ya kuita, hakuwahi kuambiwa. Sura inachelewa kidogo, lakini tangu mwaka ule tuliweza kufanya kazi hata jua likiwa limepanda, na hatukupoteza tena uso wa mtu kwa ajili ya joto. Kwa hiyo lowesheni, suuzeni, halafu ndipo dawa. Na msimcheke mwanamke anayetaka kumpokea mgeni wake vizuri.

Kioo kilipokauka, nilikitoa nje nikakishika mbele ya mwanga. Mama Asumani alikuwa hajawahi kuona kioo. Watu wanaletewa picha ya karatasi, ambamo kila kitu kimerudi mahali pake. Kioo chenyewe kinabaki kwetu rafuni, na Fundi alikuwa mkali juu ya sheria hiyo. Katika kioo, kama mjuavyo, mambo yako kinyume. Kanzu yake ilikuwa nyeusi. Uso ulikuwa wa kijivujivu. Na kile kichwa kilichovuliwa kofia kwa ugomvi, na ndevu zile chache za kidevuni, vilikuwa vyeupe, mwanga wa asubuhi ukipita ndani yake.

Alitazama muda mrefu. Fundi, akiwa amejifunika blanketi, alianza kumweleza kwamba asiogope, hivyo sivyo kitakavyokuwa, atachapa karatasi juani na nywele zitarudi kuwa nyeusi.

Karatasi ilichapwa, ikatoka nzuri. Tulimpelekea nyumbani kwake. Aliishika kwa mikono miwili, akamtambua, akalia kwa sauti kama siku ya habari, na mimi nikalia naye. Alipotulia, alimrudishia Fundi ile karatasi.

"Huyu njo Asumani wa siku ile," alisema. "Huyu nimeisha kumulilia. Munipe kile kioo."

Fundi akamwambia hatutoi vioo.

"Mule iko na mvi," alisema. "Muda wote alipokuwa njiani, dua yangu ilikuwa hiyo tu. Aote mvi."

Fundi alifungua mdomo kueleza kwamba zile si mvi, kwamba ni tabia ya mwanga na dawa. Nilimwona akitafuta maneno ya kuanzia. Kisha akayaacha, akasema tu kwamba kioo kinavunjika.

"Mutoto naye anavunjika," alisema, "na nilimubeba."

Akapewa. Mchonga mitumbwi alikitengenezea fremu ya mti, tukakitundika kwenye kidirisha chake kinachoangalia mto, ili jua likichomoza lipite ndani yake. Fundi Hamisi hakuvunja tena sheria ile mpaka siku aliporudi kwao, na kila mara nilipomkumbusha kwamba aliwahi kuivunja, alijifanya hasikii.

Vita vilipita, wenye mji walibadilika, bendera ilibadilika, na sisi tuliendelea kuita watu kutoka ndani ya maji. Mengine mnayajua, mlikuwepo.

Juma lililopita, kwa kuwa sasa sina alfajiri ya kuamkia, nilikwenda kumsalimia Mama Asumani asubuhi. Hapiki tena. Alikuwa amekaa chini ya kile kidirisha, kichwa wazi, na nywele zake zimekuwa nyeupe zote. Mikono ya kazi haistaafu, nikasimama kukagua kioo kama kimefifia au kimeota madoa. Hakikuwa na doa. Aliniambia nisogee kando, nazuia mwanga. Nikasogea, na jua likawapata wote wawili.

"Alitangulia kuzeeka," alisema. "Sasa nimemufikia."

Akanyanyuka kunichotea maji ya kunywa. Yalikuwa yanang'aa, ametia shabu.